Tivii Ilisema Mama Yuko Sawa

Saa nne asubuhi, ndani ya maabara ya kompyuta ya chuo, iliyo mwisho wa korido ya chini, binti wa mwaka wa tatu amezama kwenye kochi lililolegea springi, mkono wa kushoto kavaa glavu nene ya bustani. Mkono huo huo ndio ulioshika rimoti. Ukutani mbele yake kuna tivii kubwa, na kwenye tivii kuna mstari wa maneno na kisanduku cha njano kinachosubiri kuambiwa kiende wapi.

Kijana aliyetengeneza programu hiyo haiangalii. Amechuchumaa mbele ya kochi, tivii kaipa mgongo, macho yote yako kwenye kidole gumba cha yule binti, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Bonyeza," anasema.

"Nimebonyeza."

"Hujabonyeza, umegusa. Bonyeza halafu usiachie."

"Nisiachie mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

"Wewe Mishale, jioni nina mechi ya kikapu. Ukiniharibia kidole utaingia uwanjani wewe, na kwa ufupi wako huo tutafungwa mapema."

Darasa linacheka. Mishale hacheki. Wenzake wanasema zamani ndiye aliyekuwa anachelewesha vipindi kwa vichekesho, mwalimu akimtoa nje anachekeshea dirishani. Siku hizi anaingia, anafungua kompyuta, na ukimsalimia anaitikia kama amepigiwa simu ya namba asiyoijua.

Wanafunzi hawa wanajifunza kutengeneza tivii inayojibiwa. Tivii ya kawaida inasema, wewe unasikiliza. Hii unaweza kuijibu kwa rimoti: unachagua, unapiga kura, unauliza, unaagiza. Mmoja anatengeneza programu ya wageni wa hoteli, waombe taulo bila kushuka mapokezi wamejifunga shuka. Binti wa kwenye kochi, anayeitwa Kipaza kwa sababu hata akinong'ona korido nzima inapata habari, anatengeneza chemsha bongo ya watoto.

Mishale anatengeneza programu ya mtazamaji mmoja. Mtazamaji huyo ni mama yake.

Jina la Mishale alilipata wiki ya kwanza. Alileta programu nzuri kweli kweli, rangi zinateleza, picha zinafunguka. Mwalimu wao, mama wa makamo wanayemwita Madamu, aliitazama, akatabasamu, akachomoa kipanya cha kompyuta na kukitia kwenye mkoba wake.

"Haya baba," alimwambia. "Watu wakiwa sebuleni hawana kipanya. Wana rimoti, na rimoti ina mishale. Nionyeshe."

Kijana alibonyeza kulia, hakuna kitu. Akabonyeza chini, hakuna kitu. Alihangaika mpaka kengele ikalia, na jina likabaki.

Kuna desturi nyingine hapo, ya kochi. Kila programu lazima ijaribiwe na mtu aliyekaa kwenye kochi, mbali na tivii, kama anavyokaa mtu nyumbani kwake. Aliyeitengeneza anasimama nyuma ya kochi, mikono mgongoni, mdomo kafunga. Haruhusiwi kuelekeza. Akisema tu "bonyeza pale", anaanza upya.

"Kwa sababu hutaenda kukaa sebuleni kwa kila mtu ukimwelekeza," anaeleza Madamu. "Kitu chako lazima kijitegemee ukiwa haupo."

Programu ya Mishale ilipita kochi mara ya kwanza. Walikaa wenzake, akakaa Madamu mwenyewe, wote wakabonyeza, ikawajibu bila kukosea. Madamu akampa alama za juu kuliko wote.

"Hizo alama, kama ningeweza kuzimeza zirudi tumboni, ningezimeza," anasema mwalimu huyo akifuta miwani ambayo haina uchafu. "Mimi pia nilikaa kwenye lile kochi. Nilikaa na kidole changu kizima."

* * *

Mama yake Mishale ni fundi cherehani. Watoto wake wanasema hivyo, "ni", na si vizuri kuwasahihisha. Cherehani bado iko dirishani pale pale, imefunikwa kwa khanga.

Alikuwa fundi mwenye mdomo. Mteja akileta kipande kidogo akitaka gauni refu, alikinyoosha mbele ya watu na kuuliza, "Hiki umeniletea cha mwanasesere, na yeye yuko wapi nimpime?" Wateja walinuna, wakaondoka, kisha wakarudi na kitambaa cha kutosha. Wengine, binti yake anasema, walikuwa wanakuja kusikiliza wenzao wakisemwa.

Kiharusi kilimkuta hapo hapo kwenye cherehani, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Upande wa kulia ulilala wote. Sauti ikaondoka. Upande wa kushoto ukabaki na kidole gumba na nguvu kidogo kwenye mkono, basi. Akili haikuguswa. Daktari alilisema hilo kama habari njema, na siku ile familia iliipokea kama habari njema.

Anayemtunza ni binti yake mkubwa, ambaye Mishale na mtaa mzima wanamwita Dada. Aliacha kazi ya duka la dawa ili akae nyumbani. Mishale anasoma katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili anazunguka na ngazi na mashine ya kutoboa ukuta, anatundika tivii kwenye nyumba za watu. Pesa hiyo ndiyo inayonunua dawa, na ikibaki ndiyo nauli ya chuo. Tivii ya chumbani kwa mama yake alipewa na mteja mmoja kwa sababu ilikuwa na ufa pembeni.

"Nikaitundika, nikaiangalia, nikajiambia sasa Mama ataongea," anasema.

Maneno yalikuwa sita, yamepangwa mstari mmoja: Maji. Chakula. Naumwa. Nigeuzeni. Choo. Niko sawa. Kisanduku cha njano kinahama kutoka neno moja kwenda jingine kwa mshale, na kikitulia juu ya neno, tivii inalisema kwa sauti. Mishale aliondoa kabisa ulazima wa kubonyeza kitufe cha kukubali. Hakutaka mama yake achoke. Alitaka atue tu, mashine imalizie.

Sauti ilikuwa ya Dada. Kipaza ndiye aliyemrekodi, ndani ya kabati la nguo la bweni, katikati ya makoti, ili kelele za nje zisiingie. Dada anakumbuka walicheka sana mle ndani, kwa sababu kila akifika kwenye "Choo" alikuwa anashindwa kujizuia.

Kwa nini "Niko sawa"? Swali hilo Mishale hulijibu akiangalia viatu vyake.

"Kila mtu akiingia alikuwa anamwuliza, 'Mama, uko sawa?' Kila mtu. Nikaona nimpe la kuwajibu."

* * *

Siku za mwanzo nyumba ilikuwa na watu kama kuna posa. Majirani walikuja kumsikia Mama akiongea. Tivii ilisema "Maji", watu wakapiga makofi, Dada akaleta maji. Tivii ikasema "Niko sawa", jirani mmoja akatoka nje kulia.

Wiki zikapita. Maji. Niko sawa. Maji. Niko sawa.

"Tulimnywesha maji kama mche," anasema Dada. Anacheka kidogo, halafu kicheko kinamwishia njiani. "Nikamwambia huyu mdogo wangu, Mama amekuwa na kiu kweli. Akaniambia ni dawa. Tukakubaliana ni dawa."

Kabla ya tivii, Dada alikuwa anamgeuza mama yake kwa saa, kama nesi alivyomfundisha: saa hizi ubavu huu, saa zile ubavu ule. Baada ya tivii akaanza kusubiri aombe. Hakuwa mvivu. Aliona ni heshima. Mtu mzima amepata njia ya kusema, kwa nini uendelee kumpindua kama gunia wakati hajakwambia?

"Nikiingia namwuliza, 'Mama, nikugeuze?' Tivii inasema, 'Niko sawa.' Narudi jikoni."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Hilo waliliona. Lakini walishaambiwa hospitali kwamba baada ya kiharusi jicho huweza kutoa maji lenyewe, kwa hiyo waliyafuta kwa kitambaa laini na kuendelea na mambo mengine.

Aliyegundua ni nesi anayepita nyumba kwa nyumba. Aliingia, akasimama mlangoni, akanusa. Alivaa glavu, akamgeuza, akamwita Dada aje aone. Mgongoni chini, juu ya makalio, palikuwa na kidonda ambacho Dada hataki kukieleza ukubwa wake, ila anakunja ngumi kukionyesha, anaitazama, anaifungua.

"Nesi akanisema. 'Wewe umefanya kazi duka la dawa, wewe! Huyu mtu amelala hivi tangu lini?' Nikamwambia, lakini alikuwa anasema yuko sawa. Nesi akaangalia huku na huku, akauliza, 'Nani alikuwa anasema?'"

Dada anajigusa kifuani kwa kidole.

"Ni mimi. Ile sauti ni yangu. Mimi ndiye nilikuwa najiambia."

* * *

Mishale aliitwa akiwa juu ya ngazi, kwenye sebule ya mtu. Alifika nyumbani na vumbi la ukuta kichwani. Jambo la kwanza alilofanya, na analisema mwenyewe bila kulazimishwa, ni kukagua programu. Alikaa kitandani kwa mama yake na kompyuta mapajani, akaijaribu rimoti mara kadhaa. Ilikuwa haina kasoro.

Ndipo Dada alipomtia rimoti mama yao mkononi na kumwambia aombe kugeuzwa. Mishale aliinua macho kuangalia tivii, kama kawaida. Kisha, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na tivii haionekani vizuri, akayashusha. Yakatua kwenye kidole.

Kidole gumba kilishuka polepole juu ya mshale wa kulia. Kikabonyeza. Kikabaki hapo. Hakikuwa na nguvu ya kuinuka.

Rimoti ndivyo zilivyo: ukibonyeza mshale ukashikilia, inahesabu umebonyeza tena, na tena, na tena. Kwa kijana ni raha, anapita orodha ndefu upesi. Kidole cha Mama kilipobaki pale, kisanduku cha njano kilipita Chakula, kikapita Naumwa, kikapita Nigeuzeni, kikapita Choo, kikagota mwisho wa mstari. Kikatulia. Tivii ikasema, kwa sauti tamu ya Dada: "Niko sawa."

Mama akajitahidi kurudi kushoto. Kikakimbia mpaka mwanzo. "Maji."

Maneno ya katikati hakuwahi kuyafikia hata siku moja.

"Sisi wote tulikuwa tunaangalia tivii," anasema Mishale. "Hakuna aliyeangalia kidole. Na darasani nilifundishwa nisimame nyuma ya kochi. Ukiwa nyuma ya kochi, kidole hukioni."

Ndiyo maana sasa kwenye maabara ile watu wanajaribu programu wamevaa glavu za bustani, mkono wa kushoto, na mwenye programu anachuchumaa mbele. Madamu ndiye aliyenunua glavu. Mdomo bado unafungwa, isipokuwa kwa Mishale, ambaye siku hizi hakuna anayethubutu kumwambia anyamaze.

Kurekebisha kulikuwa rahisi, na hilo linamkera kuliko yote. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sasa ubonyeze kidogo au ushikilie mpaka uchoke, kisanduku kinasogea neno moja tu. Tivii haisemi mpaka ubonyeze kitufe cha katikati, kilicho kikubwa kama kifungo cha koti. "Niko sawa" na "Chakula" yameondolewa, mawili mapya yameingia, na mstari umepangwa upya, sasa unaanza na "Naumwa".

Kigumu ni kingine. Tangu siku ile, Mama haitaki rimoti. Ukimwekea mkononi anaisukuma kwa ile nguvu ya mkono iliyobaki, inaanguka. Na daktari amewaambia wasichelewe, kwa sababu kidole nacho kinachoka. Kikilala hicho, hakuna kingine.

* * *

Saa tisa mchana Mishale anaingia nyumbani na programu mpya. Chumba kinanuka dawa ya kuoshea kidonda na sabuni. Mama amelazwa ubavu, mto umewekwa mgongoni, uso umeelekea tivii. Ni mwanamke mwenye paji pana na nyusi ambazo hata zikiwa zimelala zinaonekana zina la kusema.

"Mama, shikamoo. Nimekuja na mgeni wa gazeti," anasema Mishale. "Amevaa suruali ya kushona. Ungeiona hiyo mishono ungepona leo."

Uso wa Mama haubadiliki. Uso huo hauwezi kubadilika, lakini chumba kizima kinausubiri.

Anamwekea rimoti kiganjani. Mkono unasogea, rimoti inaanguka sakafuni, kifuniko na betri vinaruka chini ya kitanda. Dada anainama kuvitafuta.

"Mama," anasema akiwa huko chini, "mwanao ni mjinga, tunajua sote. Lakini ni mjinga wako, hatuwezi kumrudisha dukani."

Mishale anapiga magoti kando ya kitanda. Anazungumza polepole, sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anamtazama mtu usoni badala ya mkononi.

"Mama, ilikuwa inakimbia. Mimi ndiye niliyeitengeneza ikawa inakimbia. Wewe ulikuwa unabonyeza vizuri. Umenisikia? Kidole chako hakikukosea. Ulituambia kila siku, na sisi hatukusikia. Siyo wewe, Mama. Ni mimi."

Nje kuna mtu anapita na toroli lenye gurudumu linalolia. Dada amesimama na betri mkononi kama mtoto aliyeshika kitu cha wizi. Anazirudisha, anafunga kifuniko, anampa mdogo wake. Mishale anaiweka tena rimoti kwenye kiganja cha mama yake.

Mkono hausogei.

Kinapita kitambo. Kidole gumba kinashuka juu ya mshale. Kinabonyeza, kinabaki hapo hapo, kizito, hakina nguvu ya kuinuka. Kwenye tivii kisanduku cha njano kimesimama juu ya "Naumwa". Kinaondoka. Kinafika "Nigeuzeni". Kinasimama.

Hakiendelei.

Dada anaziba mdomo. Mishale hajaona, anaangalia kidole. Kidole kinateleza pembeni, kinapumzika, kinarudi. Maji. Kinapumzika tena, muda mrefu zaidi. Choo. Kisha neno linalofuata, ambalo halikuwepo kwenye programu ya zamani: "Niacheni".

"Imekimbia tena?" Dada anauliza kwa kunong'ona.

"Haijakimbia," anasema Mishale. "Ameenda mwenyewe."

Kidole kinatambaa mpaka kitufe cha katikati. Kinakaa juu yake kama kinafikiri. Kinabonyeza.

"Niacheni," inasema tivii, kwa sauti ya Dada.

Dada mwenyewe, yule wa nyama na damu, anasogea kitandani na chupa ya dawa. "Lakini Mama, saa ya kukugeuza imekaribia, na dawa hujanywa..."

"Dada."

"Nini? Nesi amesema..."

"Amesema Mama."

Wanatazamana. Dada anaiweka chupa ya dawa mezani. Wanatoka mmoja mmoja, mgeni wa gazeti mbele, Dada katikati, Mishale nyuma. Mlango anauacha wazi kiasi cha sikio.

Barazani wanakaa kwenye benchi ambalo zamani wateja walikuwa wanasubiria nguo zao.

"Ametufukuza," anasema Dada mwishowe. Anafuta uso kwa mkono wa gauni. "Miezi yote hii hajasema neno, la kwanza analosema ni kutufukuza."

"Ndiyo."

"Amekukasirikia."

"Najua."

"Na mimi pia."

"Na wewe pia."

"Angekuwa na mdomo wake leo, angekutukana mpaka majirani wakuombee msamaha."

Mishale anafikiri. "Nitamwekea kitufe," anasema. "Cha kunitukana."

"Kimoja? Mama huyu? Hakitoshi."

"Sauti utatoa wewe."

"Hiyo nitarekodi hata leo, na kabatini siingii. Nataka mtaa mzima usikie."

Wanacheka, wote wawili, kwa kubana, mabega yanatikisika, macho yako mlangoni. Kicheko hakidumu. Dada anaangalia jua lilipofika ukutani. Saa ya kugeuza imefika kweli, na wote wawili wanaijua bila kuitazama.

Akimaliza chuo, Mishale anataka kupeleka programu hii kwenye wodi za hospitali, nyumba kwa nyumba ikibidi, na kila atakapoitundika akae kwanza na mgonjwa na kukiangalia kidole. Anasema hivyo kwa upole, kama mtu anayesimulia mipango ya mwingine. Alama mpya bado hazijatoka, na Madamu amemwambia asizifikirie. Kidonda, kwa maneno ya nesi, kinapona polepole sana, na huenda kisipone chote.

Mwisho wa mstari kule ndani, baada ya "Niacheni", kuna neno la sita: "Njooni".

Dada anaanza kuinuka. "Nichungulie tu."

"Kaa, Dada."

"Je, akishindwa kukifikia?"

Mishale ameinamisha kichwa upande wa mlango, mikono kaikunja mapajani, anasikiliza. Mpango wake kwa leo ni huo tu: kukaa hapo benchini mpaka mama yake awaite.